Nani Hakufika Leo?

Jumamosi moja alasiri nilialikwa kwenye kikao cha kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa huko Mbagala. Kikao kilifanyika uani, chini ya mwembe, baadhi ya wanachama wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki na wengine kwenye mkeka. Katikati palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na wale mama watatu wenye funguo walikuwa wameketi mbalimbali, kama utaratibu unavyotaka. Nilidhani kazi ingeanza kwa kufungua sanduku. Haikuwa hivyo. Katibu alifungua daftari, akaita majina mmoja mmoja. Wawili hawakuitika.

Mwenyekiti, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga karibu na Rangi Tatu, akauliza: "Nani anajua habari za hawa wenzetu?" Wa kwanza ilijulikana kwamba amekwenda kuuguza Mkuranga. Wa pili hakuna aliyejua. Simu yake haikupatikana. Basi sanduku likabaki limefungwa, na kikao kizima kikatumia muda usiopungua dakika ishirini kumjadili mtu mmoja ambaye hakuwapo: nani alimwona mara ya mwisho, mwenye nyumba wake anasemaje, yule mtoto wake wa darasa la sita ameonekana shuleni au hapana. Mwishowe wakateuliwa mama wawili waende nyumbani kwake jioni ile ile. Ndipo kufuli zikafunguliwa na hesabu ikaanza.

Nakiri kwamba nilitazama saa. Nilikuwa nikiwaza foleni ya Barabara ya Kilwa, na moyoni niliona kwamba kikundi kinapoteza muda. Nilikuwa tayari ndani ya daladala, tumekwama hatua chache kutoka kituoni, nilipotambua kuwa nimeshuhudia jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamivu na mwalimu wa mbinu za utafiti, niliwahi kulipwa ili nilifanye na sikulifanya.

Miaka kadhaa nyuma, shirika moja lisilo la kiserikali lilinipa kazi ya kutathmini mradi wake katika kata kadhaa za Kinondoni na Temeke. Sitalitaja jina, kwa sababu lawama ya habari hii ni yangu zaidi kuliko yake. Mradi wenyewe ulikuwa mwema. Familia maskini zilichaguliwa kwa kushirikiana na serikali za mitaa, zikapewa mafunzo ya biashara ndogondogo, mtaji wa kuanzia, sare na madaftari ya watoto, na mhamasishaji wa kuzitembelea kila mwezi. Baada ya miaka mitatu familia ilitarajiwa "kuhitimu", neno ambalo siku hizi limezoeleka katika miradi ya namna hii, likiwa na maana kwamba kaya imeweza kujitegemea na jina lake linaweza kuondolewa kwenye orodha ya wanaosaidiwa.

Nilikuwa nimeshiriki kwenye dodoso la mwanzo, mradi ulipokuwa unaanza. Nikaitwa tena mwishoni nipime mabadiliko. Nikachukua vijana wanne wa shahada ya kwanza, tukapita vichochoroni na orodha mkononi. Nyumba nyingi tulizipata, na kwa hakika tulikuta mengi ya kufurahisha: genge lililokuwa meza moja sasa lina bati, cherehani moja imezaa mbili, watoto wako shuleni. Lakini yalikuwapo majina ambayo kila tulipoyauliza tulijibiwa, "Huyo alihama." Alihamia wapi? "Labda huko Mbande. Labda amerudi kwao." Mbele ya kila jina la namna hiyo vijana wangu waliandika neno moja: haikupatikana.

Kwenye ripoti, kaya zisizopatikana niliziondoa kwenye hesabu, nikaweka maelezo ya mistari miwili mwishoni mwa ukurasa. Kisha nikagawanya idadi ya waliofanikiwa kwa idadi ya waliopatikana. Asilimia iliyotoka ilikuwa ya kupendeza. Wafadhili walifurahi, shirika likafurahi, nami nikalipwa.

Kwa msomaji ambaye hajazoea mambo haya, tuchukue mfano mwepesi. Kaya 100 zinaingia kwenye mradi. Baada ya miaka mitatu unazipata 80, na kati ya hizo 60 zina hali nzuri. Ukigawanya kwa 80, unaandika kwamba mradi umefanikiwa kwa asilimia 75. Ukigawanya kwa 100, una hakika na 60 tu, na kuna kaya 20 ambazo huna la kusema juu yake. Hatari iko hapo, kwa sababu maskini wa mjini hatoweki kwa bahati nasibu. Mara nyingi yule asiyepatikana ndiye yule ambaye mambo yamemwendea kombo: kodi imemshinda, ndoa imevunjika, deni limemkimbiza. Kumwondoa kwenye hesabu ni sawa na mwalimu kukokotoa ufaulu wa darasa baada ya kuwafuta wanafunzi ambao hawakutokea kwenye mtihani.

Haya nayafundisha kila mwaka. Nikiona mwanafunzi amefanya hivyo kwenye tasnifu yake, namrudishia kwa wino mwekundu. Mwenyewe nilifanya kwa sababu siku za mkataba zilikuwa zimekwisha, nauli za vijana zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyeniuliza.

Aliyeniuliza alikuja baadaye. Ilikuwa kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu, jioni, nilipokuwa nanunua mihogo ya kukaanga. Yule mama aliyekuwa akinifungia mihogo kwenye gazeti alinitazama, akasema: "Mwalimu, wewe si ndiye uliyekuja kutuandika kule Keko?" Nilimkumbuka polepole. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza niliowahoji katika dodoso la mwanzo, mama aliyekuwa akipanga chumba kimoja na watoto watatu, ambaye baadaye mradi ulimpa friji ili auze barafu na juisi. Nikamwuliza biashara ya juisi inaendeleaje. Akacheka, kicheko kisicho cha furaha, akanisimulia.

Mwenye nyumba aliuza nyumba. Mnunuzi alitaka kujenga upya, wapangaji wakapewa mwezi mmoja. Chumba kingine pale pale Keko kilitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na fedha hizo hakuwa nazo. Kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa ile friji. Aliiuza kwa bei ya kutupa, akahamia Kongowe ambako vyumba ni nafuu. Kule hakuwa na mteja hata mmoja, kwa kuwa wateja wake wote walikuwa majirani wa Keko. Akachukua mkopo ule ambao mitaani tunauita kausha damu ili aanze upya, marejesho kila siku. Siku tatu za homa ya mtoto zikatosha kumfanya akose marejesho, na waliomkopesha wakaja kubeba godoro, televisheni na jiko la gesi. Binti yake mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaenda kufanya kazi za ndani Tabata.

Nilimwuliza, kwa sauti ya mtafiti, kwa nini hakuwaarifu watu wa mradi.

"Ningewaambia nini, Mwalimu? Kwamba friji mliyonipa nimeiuza? Niliona aibu. Nikabadili laini ya simu."

Niliporudi nyumbani nilifungua kompyuta, nikatafuta faili la zamani. Jina lake lilikuwapo, na mbele yake neno lile lile: haikupatikana. Katika ripoti yangu hakuhesabiwa kuwa amefanikiwa wala kuwa ameshindwa. Hakuhesabiwa kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma kwa jicho jingine takwimu za umaskini za jiji hili. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 30 unapata shilingi 1,644. Kitaifa, walio chini ya mstari huo walikuwa asilimia 26.4, wakiwa wamepungua kutoka asilimia 28.2 ya mwaka 2011/12. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 8, kiwango kidogo ukilinganisha na mikoa mingine, lakini ni karibu mara mbili ya kilivyokuwa katika utafiti uliotangulia. Nchi ikishuka, jiji lilipanda. Na Sensa ya mwaka 2022 ilipohesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, tulikumbushwa kwamba asilimia ndogo ya watu wengi bado ni watu wengi.

Hata hivyo, mstari huo unatupa picha ya siku moja. Hautuambii ni wangapi walio juu yake leo ambao wako umbali wa kodi moja tu, au homa moja, warudi chini. Mama wa Keko alikuwa juu ya mstari alipokuwa na friji. Kama tungempima mwezi mmoja kabla nyumba haijauzwa, angekuwa mhitimu wetu bora, na pengine tungeweka picha yake kwenye jalada la ripoti. Tulimpa mtaji, na mtaji ni jambo jema. Hatukumpa mtu wa kumwuliza mwenye nyumba maswali, wala mahali pa kwenda kusema "nimeiuza friji" bila kuona haya. Umaskini wa mjini una tabia hii ya kumhamisha mtu: kila msukosuko unampeleka mbali zaidi na mjini, na kila anapohama anaacha nyuma wateja, shule, kikundi, mjumbe wa shina anayemjua kwa jina.

Temeke ina kisa kinachofundisha vizuri kuhusu jambo hili, nacho ni kile cha Kurasini na Chamazi. Kuelekea mwishoni mwa muongo wa 2000, wakazi wa Kurasini, jirani na bandari, walitakiwa kupisha upanuzi wa bandari. Fidia ilikuwapo, lakini fidia kwa mfumo wetu humfuata mwenye haki kwenye ardhi na kile alichokijenga juu yake. Mpangaji, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa mitaa kama ile, hupewa muda wa kufungasha. Kwa namna nyingine, jambo lililompata mama wa Keko kwa mkono wa mnunuzi mmoja liliupata mtaa mzima kwa mkono wa maendeleo.

Wapo waliokataa kutawanyika. Mwaka 2004 lilikuwa limeanzishwa Dar es Salaam shirika la CCI, lililoongozwa na Tim Ndezi, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kusaidia vikundi vya kuweka akiba vya wakazi wa makazi duni vijiunge kuwa shirikisho la maskini wa mijini. Wanachama wa Kurasini, wakiwa na akiba zao ndogo za siku kwa siku, waliunda ushirika wa nyumba wa Muungano na kununua ekari 30 huko Chamazi, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Walijifunza kufyatua matofali ya kufungamana wao wenyewe ili kupunguza gharama. Nyumba zilibuniwa ziweze kujengwa kidogokidogo: anza na chumba kimoja uingie, vingine utaongeza Mungu akijalia. Wakachimba kisima, na majitaka wakayapitisha kwenye bwawa la mimea linaloyasafisha, kwa kuwa bomba la mji halikuwa limefika kule.

Mbinu hii ina historia ndefu kuliko Chamazi. Mwaka 1984 mjini Mumbai lilianzishwa shirika la SPARC, likafanya kazi na wanawake waliokuwa wakiishi kwenye kando za barabara, watu ambao mamlaka za mji ziliwaona kama uchafu wa kufagiliwa. Hatua mojawapo ya awali kabisa ilikuwa kuwahesabu, tena kwa ushiriki wao wenyewe, ili mji usiweze tena kusema kwamba watu hao hawapo. Wanawake wale wakaanzisha vikundi vya akiba chini ya jina la Mahila Milan, na kutoka huko wazo likasafiri hadi Afrika Kusini, na kwa njia ya mtandao wa Slum Dwellers International, ulioundwa mwaka 1996, likafika kwetu. Mambo mawili yalikwenda pamoja tangu mwanzo: daftari la akiba na daftari la majina. Mtu wa kikundi anayepita kila siku kuchukua akiba ya shilingi mia anapita pia kujua nani anaumwa, nani amefukuzwa, nani hakuonekana.

Sitaki kuipamba Chamazi. Kilomita 20 ni mbali kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa bandarini, na nauli ya kila siku inakula faida ya biashara ndogo. Mkopo wa nyumba ni mkopo, na kuurejesha ni kazi. Tena liko swali zito zaidi. Utafiti wa Michael Hooper na Leonard Ortolano, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kwamba kule Kurasini wenye nyumba ndio waliokuwa tayari zaidi kuliko wapangaji kujitosa kwenye harakati zile zenye gharama na hatari. Jambo hilo linaeleweka: aliyepata fidia ana cha kuanzia, na aliyezoea kumiliki ana cha kupigania. Lakini maana yake ni kwamba hata chombo kilichoundwa na maskini wenyewe, kwa ajili ya maskini, kinaweza kuwafikisha ng'ambo wale waliokuwa karibu na ukingo na kuwaacha waliokuwa katikati ya maji. Wapangaji wengi wa Kurasini walikwenda wapi? Jibu la vijana wangu lingefaa hapa pia: hawakupatikana.

Upande wa Kinondoni nao una kisa chake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji, wakapewa viwanja. Kiwanja ni mali, na wapo waliotulia na kujenga maisha. Wapo pia waliorudi mjini, kwenye vyumba vya kupanga, hata bondeni kule kule, kwa kuwa kazi zao zilibaki mjini. Ukihesabu viwanja vilivyogawiwa utapata idadi moja. Ukiwafuata watu, utapata hadithi nyingine.

Turudi kwenye sanduku la Mbagala. Vikundi hivi, ambavyo wengi tunaviita VICOBA, vimetokana na mfumo ulioanzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE miongoni mwa wanawake wa vijijini, kisha ukaenea barani na kuota mizizi Tanzania Bara na Zanzibar. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa kisheria katika daraja la nne la watoa huduma, na vinatakiwa kusajiliwa.

Baada ya kikao kile nilimfuata mwenyekiti, nikamwambia jinsi nilivyoguswa na huruma yao kwa mwanachama aliyepotea. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa jirani.

"Mwanangu, huruma ipo. Lakini yule ana mkopo wetu. Akipotea yeye, zimepotea hela za mama fulani aliyekaa pale. Sisi tunamtafuta kwa yote mawili."

Jibu hilo limenifaa kuliko vitabu kadhaa. Kikundi kinamfuatilia asiyefika kwa sababu hatima yake imefungamana na yao. Shirika letu, na mimi mtathmini wake, hatukuwa na sababu ya namna hiyo. Mama wa Keko alipopotea, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Mshahara wa afisa mradi ulikuwa ule ule, malipo yangu yalikuwa yale yale, na asilimia ya mafanikio, kwa kweli, ilipanda.

Kufungamana huku kuna ubaya wake pia, na nisingependa mwanafunzi asome hapa akaondoka akidhani sanduku la chuma ni dawa ya kila kitu. Mwanamke asiye na fedha ya hisa hawezi kuingia kwenye kikundi, na huyo ndiye maskini kuliko wote. Aliyeshindwa kurejesha anaweza kusemwa vibaya hadi akaona heri ahame mtaa. Wale mama wawili waliotumwa jioni ile wangeweza kufika kama wauguzi, na wangeweza kufika kama madalali wa mahakama. Tofauti inategemea watu wenyewe na kanuni walizojiwekea.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi ya mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Mjadala bungeni na magazetini ulihusu fedha zilizopotea, nao ulikuwa wa lazima. Sikusikia sana mjadala kuhusu watu waliopotea: vikundi halisi vilivyokopa, vikavunjika kwa ugonjwa, kuhama au bomoabomoa, na wanachama wake wakaandikwa kuwa wadaiwa sugu bila mtu kwenda kuuliza kilichowapata. Nafahamu pia kwamba afisa maendeleo ya jamii wa kata za pembezoni, kwenye watu maelfu kwa makumi, mara nyingi ni mmoja au wawili, na usafiri wao ni miguu yao. Huwezi kumlaumu kwa kutomtafuta mtu ikiwa hata waliopo hawamalizi.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na kila moja nalielekeza kwa wasomaji ninaowajua.

Kwa wenzangu wa mashirika: kaya inapohitimu, msifunge faili. Tengeni sehemu ndogo ya bajeti kwa ajili ya kurudi baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, na muwe na mlango ambao mtu aliyeuza friji anaweza kuupita bila aibu. Katika ripoti zenu, idadi ya wasiopatikana iwe ukurasa wa kwanza, sambamba na idadi ya waliofanikiwa. Mfadhili akikasirika, mwelezeni. Akiendelea kukasirika, mmemjua.

Kwa watumishi wa umma: mpangaji ni mkazi. Kila tunapopanga barabara, bandari au bonde jipya, orodha ya watakaoguswa ianze na wanaolala pale, kabla ya wanaomiliki. Fidia ya mpangaji inaweza kuwa kodi ya miezi sita na gharama ya kuhamisha mtoto shule. Kwa thamani ya miradi tunayoijenga, hiyo ni fedha ndogo, nayo inaweza kumnusuru mtu na kausha damu.

Kwa wanafunzi wangu: neno "haikupatikana" si jibu. Ni swali ambalo hamjalimaliza. Mkiliandika, andikeni pia mlikwenda mara ngapi, mlimwuliza nani, na mnadhani ni kwa nini.

Nami nilijaribu kumaliza langu. Kwa msaada wa mama wa Keko, ambaye aliwajua wenzake kuliko orodha yangu, na vijana wawili waliojitolea, tulitumia Jumamosi kadhaa kuwatafuta wale tuliowafuta. Hatukuwapata wote. Mmoja alikuwa amefariki. Wawili walikuwa wamerudi kijijini. Mmoja, na hili lilinifundisha unyenyekevu wa aina nyingine, alihama kwa sababu mambo yalimnyookea: amejenga Chanika, ana duka la vifaa vya umeme, na alituagizia soda. Kwa hiyo hata dhana yangu mpya kwamba kila asiyepatikana ameanguka haikuwa sahihi. Waliobaki tuliowapata hali zao zilifanana na ya mama wa Keko. Niliandika barua kwa shirika nikieleza niliyoyaona na jinsi hesabu yangu ilivyopotosha. Walinijibu kwa heshima, wakanishukuru. Ripoti ya zamani ingali ndiyo ripoti rasmi.

Binti yake mkubwa hakurudi shule ya kawaida. Sasa anasoma jioni kwa mfumo wa watahiniwa wa kujitegemea, akiwa ametimiza umri ambao wenzake wamemaliza chuo. Mama bado anauza mihogo pale Rangi Tatu, na amejiunga na kile kikundi cha chini ya mwembe. Ndiye aliyenialika siku ile.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu kumwuliza habari za yule mwanachama ambaye simu yake haikupatikana. Akaniambia wale mama wawili walimkuta ndani, mgonjwa, simu ameiweka rehani ili apate dawa. Kikundi kilitoa fedha kutoka mfuko wa jamii kuikomboa simu, na marejesho yake yakasogezwa mbele mwezi mmoja. Jumamosi iliyofuata alifika, akaitika jina lake, na sanduku likafunguliwa.